Sura ya Tano: Programu Isitoke Bila Maelezo Yake

Bwejuu ni shehia ya pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Michamvi, ndani ya Wilaya ya Kusini. Maji yakitoka, wanawake wengi huteremka kwenye mashamba ya mwani. Yakijaa, hurudi majumbani. Mhudumu wa afya wa kujitolea anayetaka kumkuta mjamzito nyumbani hana budi azijue saa za maji kama anavyozijua njia za kijiji. Akishapiga hodi, akakaribishwa, akasalimia na kuulizia hali za watu wa nyumbani, hutoa simu na kuanza kusoma maswali: kichwa kinauma sana? Macho yanaona ukungu? Uso au mikono imevimba? Damu imetoka?

Maswali yote hayo yako kwa Kiswahili. Jibu likiwa la hatari, simu inamwelekeza mhudumu ampeleke mama kituo cha afya. Hahitaji kukumbuka kila alichofundishwa kwenye mafunzo, kwa sababu maelezo yamo mkononi mwake, palepale penye swali.

Sura hii inahusu kazi iliyofanyika kabla ya swali lile kufika kwenye kioo cha simu. Kuna mtu aliyefungua dirisha la amri kwenye kompyuta, lile dirisha lisilo na picha wala vitufe, ambamo unaandika maneno na mashine inayatekeleza. Aliandika mstari mmoja, akabonyeza Enter, na fomu ikatoka kwenye kompyuta yake ikaenda kwenye seva, na kutoka seva ikaingia kwenye simu za wahudumu Unguja na Pemba. Kitendo hicho ndicho kinachoitwa kuchapisha programu. Na hoja yangu katika sura nzima ni moja: programu haijachapishwa mpaka maelezo yake yametoka pamoja nayo, kwa lugha ya mtumiaji, na yakakaa pale anapoyahitaji.

Mfumo ulio nyuma ya simu

Jamii ni Afya ni mpango wa afya ya jamii wa Wizara ya Afya Zanzibar, uliojengwa kwa ushirikiano na shirika la D-tree. Kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, ukiwa na wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000. Wahudumu hao hutembelea nyumba kwa nyumba kufuatilia wajawazito, watoto wachanga na watoto walio chini ya miaka mitano.

Programu iliyomo kwenye simu zao imejengwa juu ya Community Health Toolkit, kwa kifupi CHT, ambayo ni mkusanyiko wa programu huria unaosimamiwa na shirika la Medic. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuutumia kwa masharti ya leseni yake. Kenya nayo iliuchagua mfumo huo kuwa msingi wa eCHIS, mfumo wake wa taifa wa afya ya jamii, na mwaka 2023 serikali ikaanza kuwagawia simu wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Kwa hiyo kijiji cha Bwejuu na vijiji vya Siaya, nchini Kenya, vinatumia kiini kilekile.

Kinachotofautisha Bwejuu na Siaya ni mipangilio: fomu, orodha ya kazi za kila siku, ngazi za uongozi kuanzia nyumba hadi shehia hadi wilaya, na maneno yanayoonekana kwenye kioo. Kiini hutengenezwa mara moja kwa ajili ya wote. Mipangilio kila nchi hujitengenezea, tena huibadili mara kwa mara, kwa kuwa miongozo ya afya nayo hubadilika. Lazima basi pawepo chombo cha kuichukua mipangilio hiyo kutoka kwenye kompyuta ya fundi na kuifikisha kwenye seva bila kuacha kipande njiani. Chombo hicho kinaitwa cht-conf, na hutumiwa kwa kuandika amri.

Jedwali lenye swali na maelezo yake

Ukitaka kuelewa kwa nini chombo hiki kinafaa kuigwa, anza na jedwali la kawaida la Excel. Kwa kawaida fomu ya CHT huzaliwa hapo. Swali moja hukaa kwenye mstari mmoja. Safu yenye kichwa type inaonyesha aina ya jibu: namba, tarehe, au kuchagua moja kati ya kadhaa. Safu ya name ina jina ambalo kompyuta italitumia. Safu ya label::sw ndiyo yenye swali lenyewe kwa Kiswahili, na hint::sw hubeba maelezo mafupi ya kumsaidia anayeuliza. Safu ya relevant inasema swali litokee wakati gani, ili maswali ya kichanga yasijitokeze kwenye nyumba isiyo na kichanga. Safu ya constraint huweka mipaka ya majibu. Mhudumu akiandika kuwa mtoto aliyezaliwa jana ana kilo 32 badala ya 3.2, simu inamzuia, na ujumbe wa Kiswahili ulioandikwa kwenye mstari uleule unamwambia kosa liko wapi.

Tazama kilichofanyika hapo. Kanuni ambayo kompyuta inaifuata na maelezo ambayo binadamu anayasoma vimeandikwa bega kwa bega, kwenye mstari mmoja wa jedwali moja. Daktari aliyeandika mwongozo, fundi wa kompyuta na msimamizi wa wahudumu wanaweza kukaa meza moja, wakalisoma jedwali lilelile, wakabishana neno kwa neno. Fundi akibadilisha kanuni, macho yake yanakutana na maneno ya Kiswahili palepale, na anaona kama bado yanasema kweli.

Baada ya hapo inakuja amri. Fundi huandika cht, kisha anwani ya seva, kisha majina ya kazi anazotaka zifanyike. Kazi ya convert-app-forms hugeuza jedwali kuwa umbo ambalo programu inaweza kulisoma. Ile ya upload-app-forms hulipeleka kwenye seva. Kuna pia upload-custom-translations, inayopeleka mafaili ya maneno. Faili la Kiswahili linaitwa messages-sw.properties, na kila mstari wake una ufunguo upande wa kushoto wa alama ya sawasawa na maneno ya Kiswahili upande wa kulia. Kabla ya kuyapeleka, chombo huyapitia mafaili hayo na kutaja sehemu zilizoachwa tupu au alama zilizokosewa. Na kama kuna mwenzako aliyebadilisha kitu kwenye seva tangu ulipopeleka mara ya mwisho, chombo kinakuuliza kwanza kabla ya kufuta kazi yake.

Simu nazo hazihitaji kuwa hewani muda wote. CHT huhifadhi taarifa ndani ya simu yenyewe, na mtandao ukipatikana simu na seva hubadilishana vilivyo vipya. Fomu iliyochapishwa asubuhi na fundi aliyeko Mjini inaweza kuingia kwenye simu ya Bwejuu jioni, mhudumu atakapopata mtandao. Maswali, mipaka ya majibu na maneno ya kusaidia huingia kwa pamoja, na kuanzia hapo hufanya kazi hata mahali ambapo mtandao haushiki.

Somo lililochukua miaka hamsini

Wazo la kutoa programu na maelezo yake kwa pamoja lina historia ndefu. Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, kina tarehe 3 Novemba 1971. Katika mifumo iliyotokana na Unix, kila amri ilitarajiwa kuwa na ukurasa wake wa mwongozo uliohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Mtumiaji akikwama, aliandika neno man, kisha jina la amri, na maelezo yakatokea mbele yake.

Mambo yaliharibika pale programu zilipoanza kugawanywa kwa vifurushi vidogovidogo kupitia intaneti. Kifurushi ni kazi ya mtu mmoja au wachache, iliyofungwa ili wengine waichomeke kwenye kazi zao: cha kusoma tarehe, cha kutuma ujumbe mfupi, cha kuchora grafu. Ghala la vifurushi vya lugha ya Perl, CPAN, lilifunguliwa mwaka 1995, na la lugha ya R, CRAN, mwaka 1997. Yote mawili yalijengwa na watu wenye mazoea ya kuandika maelezo. CRAN hasa ina ukali wake: kifurushi hupimwa kwa amri maalumu, na kama kuna kitendo kilichowekwa wazi kwa watumiaji bila kuelezwa, kipimo kinatoa onyo, na mwenye kifurushi hurudishiwa akirekebishe. Maghala mengine yaliyofuata yakafungua milango wazi. Mtu aliweza kupeleka msimbo mtupu, na aliyeupakua akabaki kubahatisha.

Chombo ninachokiona kuwa mfano bora katika kuliziba pengo hilo ni Hex, kinachotumiwa na watu wa lugha ya Elixir, lugha iliyoanzishwa na José Valim wa Brazil. Fundi akimaliza kifurushi chake huandika mix hex.publish. Amri hiyo haikimbilii kutuma. Kwanza inamwonyesha orodha: jina la kifurushi, namba ya toleo, leseni, mafaili yatakayoingia, na vifurushi vingine ambavyo kazi yake inavitegemea. Kisha inamuuliza kama aendelee. Akikubali, msimbo unafungwa na kupelekwa kwenye ghala, na katika amri hiyohiyo kurasa za maelezo zinatengenezwa kutokana na maneno aliyoyaandika ndani ya msimbo wake, zikapelekwa kwenye tovuti ya HexDocs chini ya namba ileile ya toleo. Anayetaka kutoa msimbo peke yake lazima aseme hivyo waziwazi, kwa kuongeza neno package mwishoni mwa amri. Njia ya kawaida ni kutoa vyote viwili, na anayeacha maelezo nyuma anafanya hivyo akijua.

Hiyo ndiyo siri ya zana nzuri. Mwandishi wa programu aliyechoka saa sita za usiku hufuata njia iliyo rahisi zaidi. Ikiwa njia rahisi inabeba maelezo, maelezo yatatoka. Ikiwa inayaacha, hayatatoka, hata kama mwandishi ni mtu mwema na mwenye nia njema.

Jumuiya nyingine iliyoshikilia msimamo huo imefika hadi Zanzibar. Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, ulianzia kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, mwaka 2003, na ukatolewa kwa umma mwaka 2005. Sifa yake kubwa tangu mwanzo ni maelezo yake: anayeleta kipengele kipya hutakiwa alete na maelezo ya kipengele hicho, la sivyo hakipokelewi. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa jumuiya hiyo barani Afrika, DjangoCon Africa, ulifanyika Zanzibar, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kampasi kuu ya chuo hicho iko Tunguu, ambako gari linapita likitoka Mjini kwenda Paje na Bwejuu. Vijana wetu wameketi chumba kimoja na watu waliolifanya andiko la maelezo kuwa sharti la kazi. Desturi hiyo wana haki ya kuirithi.

Kilichochapishwa ni ahadi

Kuchapisha kuna uzito mwingine. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu, kwa mgogoro wa jina la kifurushi, aliviondoa vifurushi vyake vyote kwenye ghala la vifurushi liitwalo npm. Kimoja kiliitwa left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mingi duniani ilikuwa ikikitegemea bila hata kujua, na ndani ya muda mfupi ikaanza kushindwa kujengwa. Wasimamizi wa ghala walilazimika kukirudisha siku hiyohiyo, kisha wakabana masharti ya kufuta. Hex nayo ina sharti lake: toleo jipya linaweza kurekebishwa ndani ya saa moja tu tangu lilipotolewa, na kifurushi kipya kabisa ndani ya saa 24. Baada ya hapo ukitaka kusahihisha, toa toleo jingine lenye namba mpya.

Sharti hilo lina maana kubwa kwa kazi ya afya. Chukulia mjamzito wa Bwejuu aliyeandikishwa mwezi wa tatu wa mimba, na fomu ikabadilishwa akiwa mwezi wa saba. Mhudumu anatakiwa ajue kilichobadilika na sababu yake. Msimamizi wa wilaya, akisoma takwimu za mwaka, anatakiwa ajue kuwa majibu ya Januari na ya Agosti yalitokana na maswali tofauti. Bila namba ya toleo na maelezo ya mabadiliko, takwimu zitaonyesha ugonjwa umepungua kumbe swali ndilo lililobadilishwa maneno. Hapo maelezo yanakuwa sehemu ya ushahidi wenyewe.

Maelezo yakae karibu

Wazanzibari wanajua maana ya kukatikiwa. Mei 2008 hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu. Kwa upande wa intaneti, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi.

Mwandishi wa programu anayeyaweka maelezo yake kwenye tovuti peke yake amewasahau watu wa siku kama hizo. Zana nzuri humpa mtumiaji nakala yake mwenyewe. Kurasa za mwongozo za Unix zilikaa ndani ya mashine. Hex ina amri ya mix hex.docs offline, inayofungua maelezo yaliyokwisha kupakuliwa bila kuhitaji mtandao. Fomu za CHT hubeba maneno yake hadi ndani ya simu. Mimi naichukua hiyo kuwa kipimo cha kwanza cha mfumo wowote utakaoletwa visiwani: zima data, ufungue programu, uone kama bado inaweza kujieleza.

Lugha ya maelezo

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Uliacha pia faharasa ya istilahi za kompyuta. Ilithibitika tangu wakati huo kwamba Kiswahili kinaubeba mzigo huu. Na Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja. Itakuwa ajabu basi kama lugha hii itashindwa kueleza programu inayotumika Unguja.

Tatizo lililobaki liko katikati ya mnyororo. Mhudumu wa Bwejuu anasoma Kiswahili kwenye simu yake, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nyaraka za kumfundisha fundi jinsi ya kuendesha cht-conf zimeandikwa kwa Kiingereza. Mhitimu wa SUZA anayekabidhiwa mfumo wa taifa anajifunza kwa lugha moja, anawaeleza wasimamizi kwa lugha nyingine, na katika kuhamisha huko mambo humwagika njiani. Akihamia kazi nyingine, aliyebaki huanza upya. Mifumo mingi ya wafadhili hufa kwa namna hiyo: msimbo upo, seva ipo, ila aliyejua amri gani hutangulia na ipi hufuata ameshaondoka.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila kifurushi kinachotengenezwa na watu wetu kitoke kikiwa na ukurasa wa Kiswahili wenye mambo manne: kinafanya kazi gani, mfano mmoja kamili unaofanya kazi ukinakiliwa kama ulivyo, makosa yanayotokea mara nyingi na jinsi ya kuyatatua, na kilichobadilika tangu toleo lililopita. Ukurasa huo ukae ndani ya kifurushi chenyewe, usiwekwe kwenye barua pepe ya mtu. Maghala yote makubwa hupokea maandishi ya lugha yoyote. Kizuizi cha lugha hakipo. Na fundi anayesimamia mradi aweke ukaguzi wa kujiendesha wenye sharti moja: safu ya Kiswahili ikiwa tupu, amri ya kuchapisha isimame.

Wizara na taasisi zinazopokea mifumo nazo zina wajibu wao. Mkataba wa kupokea programu utaje maelezo kama unavyotaja msimbo. Siku ya kukabidhiwa, mtu ambaye hakushiriki kuijenga akae mbele ya dirisha la amri, asome maelezo ya Kiswahili, na achapishe fomu moja kwa mikono yake mwenyewe hadi ionekane kwenye simu. Akishindwa, mfumo haujakabidhiwa, na malipo ya mwisho yasubiri.

Nawe msomaji unayeandika programu, iwe Tunguu, Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, kabla hujabonyeza Enter kwenye amri ya kuchapisha, soma maelezo yako kwa macho ya mtu atakayeyategemea bila wewe kuwepo. Kama hayapo, yaandike leo. Kama yapo kwa Kiingereza pekee, ongeza Kiswahili. Toleo lako linaweza kusubiri siku moja. Mhudumu aliye mbele ya mama mwenye dalili za hatari hana siku moja ya kukusubiri wewe.